Afande Okullo, Mama Bado Anauliza Ulikuwa Ukinong'ona Nini

Ni mwaka mmoja sasa tangu uondoke kazini bila ruhusa, Baba. Kwa askari wa cheo chako hilo ni kosa, na familia imelijadili kwa kirefu. Sote tumekusamehe isipokuwa Mama. Yeye ana swali moja ambalo hukulijibu, na mpaka lijibiwe faili lako halifungwi.

Wasiokufahamu na waelezwe. Wewe ni Sajini Faustino Okullo, askari uliyepewa jukumu la usalama wa mtaa wetu, hapa chini ya kilima cha Kibuli. Kazi yako ilikuwa kutembea. Asubuhi ulipita ukisukuma milango ya watu kuona kama imefungwa, na ukikuta uliofunguka uliingia, ukamhutubia mwenye nyumba juu ya kufuli mpaka akupe kiti. Mlango wetu sisi ulifungwa kwa kamba. Siku ya wazazi ulikuja shuleni na sare, na mwalimu wa zamu akaanza kujitetea kabla hujamsalimu.

Lakini mtaa unakukumbuka zaidi kwa jambo lingine. Watu walipomkamata mwizi, au mtu waliyedhani ni mwizi, na mawe yakaanza kuokotwa, hukufyatua risasi hewani. Ulipenya katikati yao, ukaketi mavumbini kando ya yule mtu, ukavua viatu, ukaagiza chai. "Hapigwi mtu hapa mpaka nimalize kikombe," ulisema, na ulikinywa polepole kama bwana harusi ukweni. Watu walirudi nyuma. Mwenyekiti wa mtaa alisema mazishini kwamba ile ilikuwa heshima. Sisi tuliofua soksi zako tuna maoni tofauti.

Kisha uliinama, ukamnong'oneza yule mtu kitu sikioni, na aliyekuwa akitetemeka akatulia. Hicho ndicho Mama anachokiulizia.

Alikugombeza kila mara. "Utauawa kwa ajili ya mwizi wa kuku, Okullo, na mimi nitawaambia nini watu wa kwetu Kitgum?" Wewe ulicheka tu, naye akaendelea. "Na hao wezi wako huwa unawaambia nini?" "Helen, hiyo ni siri ya serikali." Aliamini kwamba siku moja angekubana ukaitaja. Hata kule hospitalini Mulago, jioni ya mwisho, swali lilikuwa mdomoni. Ila alikuona umechoka, akauliza tu kama mto umekaa vizuri. Ukasema umekaa vizuri.

Mwezi wa tano mwaka huu, Jumamosi mchana, zilisikika kelele za mwizi upande wa stegi, kituo cha bodaboda. Mama alikuwa uani akipepeta simsim, yaani ufuta. Alipotoka getini aliona kundi la watu limemzunguka Elie, kijana Mkongomani anayeishi kwa shangazi yake Kavugho, muuza vitenge. Alikuwa amekutwa na mtungi wa gesi begani siku ambayo mtungi wa Yasiin wa chapati umepotea. Mitungi yote ya mtaa huu ni ya rangi moja. Mtu mmoja alikuwa tayari anavingirisha tairi la kumchomea.

Baba, wote waliangalia geti letu. Hata wenye mawe. Walikuwa wanakungoja wewe.

Akatoka Mama, na ungo mkononi.

Anasema hakupanga. Anasema miguu ilienda yenyewe, na ilipofika ikajikunja. Aliketi kando ya Elie, akavua kandambili.

"Mama Abwola, toka hapo! Huyu mutu alikwiba gesi ya Yasiin!" alifoka mmoja wa wenye mawe.

"Nimesikia."

"Sasa unakaa kufanya nini?"

"Nangoja chai. Sharifah! Vikombe viwili."

Sharifah, anayeuza chai pale stegi, alisimama na birika kama sanamu. "Na sukari, Mama?"

"Nyingi. Huyu anatetemeka."

"Haya basi," alisema bodaboda mmoja, "Afande amerudi, na leo amevaa gauni la gomesi." Watu wawili watatu wakacheka, na mwenye tairi akaliacha lianguke.

Ndipo Mama alipoinama kwenye sikio la Elie kama alivyokuona ukifanya, akagundua kwamba hana neno. Sikio liko pale, lina damu, linangoja, na yeye mdomo mtupu. Mwisho akauliza lililomjia.

"Umekula?"

"Bado, Mama. Miye siko mwizi."

"Sikukuuliza hilo. Kunywa."

Wakanywa. Kikombe cha Elie kiligonga meno yake mpaka chai ikapungua. Walikuwa bado wanakunywa Kavugho alipofika mbio, bila viatu, akilia kwamba yeye ndiye aliyemtuma kijana kujaza gesi. Nyuma yake alikuja mke wa Yasiin kueleza, kwa sauti ndogo sana, kwamba mtungi wao alimwazima dada yake tangu jana na alisahau kumwambia mumewe. Yasiin alileta chapati bila kuombwa, akaziweka chini akiangalia pembeni. Elie alipelekwa kushonwa sikio. Yuko hai, na anatusalimia akipita.

Mtaa mzima ulimsifu Mama. Mwenyekiti alitaka kumpa cheo. Yeye aliingia jikoni akakaa, simsim haijapepetwa nusu.

"Nilidhani nikifika pale maneno yake yatakuja," alimwambia binti yako Docus. "Nimefika, hayakuwepo. Mwanamume nimeishi naye miaka yote hiyo, nikamfulia, nikamgombeza, na kitu alichowaambia watu wakiwa wanakaribia kufa mimi sikijui."

Docus alisema pengine ulikuwa unawauliza kama wamekula. Mama alifunika uso kwa kitambaa cha jikoni, akabaki hivyo mpaka sufuria ikaungua.

Tangu siku hiyo anawatafuta watu wako. Alianza na Abubaker wa stegi, uliyekaa naye mavumbini zamani kwa sababu ya redio ya gari.

"Mama, nikudanganye?" alisema Abubaker. "Siku hiyo masikio yangu yalikuwa yameziba kwa woga. Niliona midomo inacheza. Ndevu zake zilinigusa hapa. Najua tu kwamba alipomaliza nilikuwa nimeacha kulia."

Mama alimshukuru, akamwomba amwonyeshe tena ni wapi ndevu zilipogusa.

Misa ya kukukumbuka ni Jumamosi asubuhi, na baadaye kuna chakula nyumbani. Majirani wote mmealikwa. Na kama wewe unayesoma tangazo hili uliwahi kukaliwa kando na Sajini Okullo, katika mtaa huu au popote alipotumwa, njoo. Hatutakuuliza uliiba nini, wala kama uliiba. Utapewa chakula kwanza. Mama atavuta kiti karibu yako, na lile neno, hata kama ni moja, hata kama huna uhakika nalo, mwambie.

Wanaokukumbuka: mkeo Helen, wanao Abwola, Docus na Kidega, dada yako Abalo, shemeji zako wa Kitgum, na mtaa wako, ambao siku hizi unafunga milango yake.

Tutakukumbuka siku zote, Baba, hata kwa yale tusiyoyasikia.