Rashidi na Lugha Iliyobaki

Chuno, Mtwara
9 Februari 1957

Mama mkwe wangu, Bi Zuhura,

Shikamoo mama. Nakuulizia hali yako na ya miguu yako iliyovimba, na hali ya shamba, maana nasikia huko Kitaya nguruwe wameumaliza muhogo. Mwalimu Bakari, atakayekusomea barua hii na kukufasiria kwa Kimakonde, nampa salamu nyingi. Namwomba aisome mkiwa wawili tu.

Mama, mwanao yu hai. Nimelitanguliza hilo usije ukashtuka.

Ulipata habari kwamba Rashidi alianguka kutoka juu ya lori la korosho. Yaliyofuata sikukwambia. Siku ile aliinuka, akajipangusa vumbi, akawacheka waliomlilia, akarudi nyumbani kwa miguu. Jioni alishika kichwa, akatapika, kisha akalala usingizi wa kukoroma, nikashindwa kumwamsha. Hospitali daktari alisema damu inavuja chini ya fupa la kichwa na kuukandamiza ubongo. Akalitoboa fupa kwa kifaa kama kekee ya seremala, damu ikatoka, na kesho yake Rashidi akaniuliza kwa nini nimevaa kanga nje ndani. Nililia kwa furaha mbele za watu.

Lakini jeraha likatunga usaha, homa ikapanda, mkono wa kulia ukawa unarukaruka wenyewe. Daktari alinieleza, Hassani, dresa anayefunga vidonda pale hospitali, akinifafanulia, kwamba lazima afungue tena, na kwamba usaha umekaa jirani na mahali maneno yanapotoka. Hakunificha. Alisema anaandika habari za kila mtu anayempasua kichwa, namna alivyompasua, kilichoharibika, na jinsi mtu huyo anavyoishi baadaye, na kwamba wengine huamka hawasemi kabisa. Nikamwambia afungue. Nafasi ya kukuuliza wewe haikuwepo, unisamehe.

Homa ilishuka. Rashidi alipofumbua mdomo, kilitoka Kimakonde. Kiswahili chote kimepotea, mama. Nikisema naye ananitazama midomo kama mtu anayesikiliza mvua. Anaswali, bao alikuwa akicheza na kuwafunga wanaume wa hapa Chuno, anamjua kila mtu kwa sura, na mimi ananijua. Ila mimi ni mtu wa Mikindani, Kimakonde sikijui. Hata wewe na mimi, siku zote yeye ndiye aliyekuwa mdomo wetu. Sasa nimejifunza kutaja maji na uji. Nikivitaja anacheka mpaka machozi, halafu anajifuta uso na kunipa mgongo.

Hassani, ambaye kwao ni Newala, huja kumbadilishia bendeji. Siku moja mwezi uliopita walizungumza kwa muda mrefu, kisha Hassani akanifuata jikoni, akatamka: "Dada, amenituma. Amekuacha, talaka moja. Anasema wewe bado kijana, usizeeke na mtu mnayeonyeshana vidole."

Nilimwambia amesikia vibaya. Akarudi kumuuliza mbele yangu, na Rashidi akaitikia kwa kichwa huku macho yake yako chini.

Nikaenda kwa Kadhi. Alitaka kujua jambo moja tu, kama akili ya mume wangu ni timamu, kwa kuwa talaka ya asiye na akili haishiki. Ikiwa timamu, alisema, basi nimo edani, na kabla eda haijaisha Rashidi anaweza kunirejea kwa neno moja, kwa lugha yoyote. Siku hizo hizo daktari naye akaniuliza aandikeje: amepona, au hakupona?

Mama, hapa ndipo ninapoona haya. Niliwajibu wote wawili kwamba akili zimemruka, kwamba anazungumza na kuta. Ni uongo. Nilitaka kubaki mkewe. Tangu hapo neno limeenea mtaani. Watoto wanampigia kelele za mwendawazimu, na wenzake wa bao hawaji tena. Yeye hasikii wanachosema, ila nyuso anaziona. Jana alikaa barazani peke yake akizicheza kete za pande zote mbili.

Kesho nakwenda kuyafuta maneno yangu, kwa Kadhi na kwa daktari. Nitasema mume wangu ana akili zake zote, na kwamba ameniacha.

Najua hukupenda aoe Mikindani. Wala sikuombi umlazimishe. Naomba tu, miguu ikikuruhusu, upande lori uje kabla eda yangu haijaisha, umwambie kwa lugha yenu kile ambacho mimi siwezi, wala sioni vyema kumtuma Hassani: kwamba sijachoka naye, na kwamba hivyo vidole vinanitosha. Kisha umsikilize anavyojibu, umpe Hassani jibu lile lile anifikishie, hata likiwa la kuniondoa nyumbani humu.

Wasalimie mawifi zangu wote, na wakubwa wa hapo nyumbani uwashikie miguu kwa niaba yangu. Chumba chako nimekwisha kukifagia.

Ni mimi mkaza mwanao, ikiwa bado naweza kujiita hivyo,

Mwanakombo binti Abdallah