Mafuta Upande wa Juu

Jumatatu, 3 Machi

Nimeyaona kwa macho yangu. Vipimo vyangu vya wiki tano vya maji yanayopotezwa na miche, nilivyovipata kwa kuinamia mizani hadi kiuno kikawaka moto, viko mezani kwa Mkurugenzi. Vimepigwa chapa upya, na juu pana jina la Shemeji. Hata tarehe niliyokosea ameinakili! Mume wa dada yangu. Mimi ndiye niliyemwombea kazi hapa kitaluni.

Nilikunywa chai nikaimaliza.

Jumanne, 4 Machi

Nimekuja kazini na hasira yangu yote.

Miche haina habari. Saa sita, jua kali — chungu cha dirishani kimepungua gramu kumi na nane kwa saa moja. Nikawasha feni: ishirini na saba. Nikazima, nikatundika magunia yaliyoloa maji kukizunguka, hewa ikawa nzito: saba tu. Udongo nimeufunga nailoni, kwa hiyo maji hayo yametoka kwenye majani peke yake. Yanapita kwenye vitundu vidogo mno, vingi viko upande wa chini wa jani. Mche ukiona kiu inazidi, unavifunga wenyewe. Una akili kuliko mimi. Mimi nilimwachia Shemeji kila kitu wazi.

Mkurugenzi katangaza: Jumatatu wageni wanakuja kuona jaribio, na mwenye jaribio ndiye atakayekuwa msimamizi wa kitalu. Maana yake Shemeji. Miaka tisa nimekingoja cheo hicho.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemmwagia dada yote kwenye simu. Akasema tusiaibishane mbele za watu, tumwachie yeye. Sawa, dada. Sawa ya mdomoni.

Ijumaa, 7 Machi

Shemeji kaja mwenyewe, anachekacheka. Eti, "Shemeji, hebu nikumbushe, yale mafuta ya mgando tunapaka upande gani wa jani?"

Wiki tano alikuwa akipita ananiita muuguzi wa majani. Hakuinama hata siku moja kutazama. Na kwenye karatasi niliandika tu "majani yaliyopakwa". Upande umo kichwani mwangu: chini, mafuta yazibe vitundu, maji yasitoke.

Nikamjibu bila kupepesa macho. Juu, Shemeji. Paka juu, yang'ae, wageni wayaone vizuri.

Akanishukuru. Alinishukuru! Nimeimba njia nzima hadi nyumbani. Vitundu vya chini vitabaki wazi, na mche wake utapoteza maji karibu sawa na ule usiopakwa, mbele ya wakubwa wote. Mizani haina shemeji.

Jumatatu, 10 Machi

Naandika nikiwa stoo, nyuma ya mifuko ya mbolea.

Vyungu vimepimwa saa tatu. Vitapimwa tena saa tano, na imebaki robo saa. Majani ya Shemeji yanang'aa kama viatu vya harusi. Nilikuwa nimejipanga mstari wa mbele, nimevaa gauni langu zuri.

Shemeji akasimama. Akakohoa. Akasema kabla hajaendelea lazima aseme ukweli: kazi hii si yake, ni ya shemeji yake huyu hapa, yeye aliweka jina lake kwa tamaa. Na leo kila kitu kimefanywa kwa maelekezo yangu, hata namna ya kupaka mafuta. Wageni wakapiga makofi. Mkurugenzi akanishika mkono, akasema namba zikikubaliana na karatasi, kitalu ni changu.

Kumbe dada alimsema jana mpaka akalia. Ameniletea ujumbe sasa hivi: umefurahi, mdogo wangu?

Mjinga yule. Hata kisasi changu kaniibia!

Siwezi kugusa chungu, wote wamekizunguka. Shemeji kachungulia mlangoni, anatabasamu. Eti amewasha feni, matokeo yangu yaonekane zaidi.

Wananiita. Mkurugenzi anataka nisome mizani mimi mwenyewe, kwa sauti.