Wewe Ndiwe Sakramenti

Timbwani, Likoni
3 Mei 2025

Kwa dada yangu Nyevu,

Tumsifu Yesu Kristo. Na kwako pia, Sista Mlezi, wewe unayefungua barua hizi kabla hazijamfikia mwenyewe: shikamoo. Humu hamna siri, ila mna dude lenye midomo saba, kwa hivyo kama umetoka kula, ngoja kwanza chakula kishuke.

Nyevu, u hali gani? Baridi ya huko bara haijakutoa kamasi? Huku sote wazima. Mama mzima, ila goti lake ndilo lenye maneno, hasa mvua ikinyesha. Mimi usiniulize. Juzi nimerudi na lori kutoka Juba, kabla yake Kigali, na kote huko wananijua. Askari wa mpakani akiniona haniulizi karatasi, huniuliza, "Kitsao, umetuletea nini?"

Sasa kaa kitako. Kama umeshakaa, inuka ukae upya.

Mbeba Taa imekuwa filamu!

Si katuni ya kuchorwa, la. Watu! Watu wa damu na jasho, wanatembea, wanalia, mvua inawanyeshea. Vile vitabu vyetu, Nyevu, alivyoleta marehemu Baba kutoka kazini bandarini Kipevu, vimeloa, havina majalada, tukavianika juu ya bati kama ng'onda. Ukaniuliza mbona tunaanzia nyuma, nikakwambia Wajapani ni kama watoto wa chuo cha Kurani, kitabu chao hufunguliwa kuliani. Mimi nilijua mambo tangu zamani.

Imeonyeshwa kwa Rashad, kile kibanda cha mabati nyuma ya soko. Siku hizi ana projekta, na ukuta ameupaka chokaa. Yeye mwenyewe hukaa mbele na kipaza sauti, filamu inasema Kijapani chake, naye anatutafsiria. Basi mle filamuni jua likamezwa. Hata wauza njugu wakasahau kuuza. Kitabuni lile dude lilikuwa doa la wino lenye meno, si ndiyo? Hapa linatoka baharini polepole, kubwa kushinda kreni za bandarini, maji yanalichuruzika, na kila mdomo unapumua kwa zamu yake. Mimi nimeuona mlima wa Goma ukitoa moto. Sikutetemeka. Wallahi kwa Rashad nimetetemeka, nikamshika mkono mtu nisiyemjua, naye akanishika.

Na Binti Taa anapita katikati ya giza lote hilo na kitaa chake, na mwanga haufiki hata hatua mbili. Nikajiuliza, hawa watu walijuaje? Walijuaje kwamba sisi tulimwona hivihivi, juu ya mkeka, kwa koroboi?

Makosa wanayo. Mzee Chura, yule muuza mafuta ya taa, wamemtoa kabisa. Hata unyayo wake hamna. Lakini hilo nimewasamehe. Nisilowasamehe ni hili. Wazee wa mji wanamwita Binti Taa, wanamwambia lile neno kuu. Wewe unalijua. Nilikusomea mara ngapi? "Wewe ndiwe sakramenti." Rashad akashika kipaza sauti chake akasema, "Wewe ndiwe kafara."

Nikasimama. "Rashad! Sakramenti!"

"Kaa chini, dereva. Kafara."

"Mimi nimekisoma kitabu kwa Kiingereza!"

"Umekisoma ukiwa umekishika juu chini."

Wakacheka mpaka mabati yakalia. Sasa mwenye masomo ni wewe. Niandikie kwa mkono wako kwamba ni sakramenti, nikambandikie Rashad mlangoni.

Kakako,
Kitsao

---

Nyumba ya Manovisi
19 Mei 2025

Kaka Kitsao,

Shikamoo. Milele na milele, amina. Barua yako imefika, imefunguliwa, imesomwa, na Sista Philister, mlezi wetu, ameniletea mwenyewe badala ya kuituma. Anaitikia marahaba. Halafu akasimama mlangoni akauliza, kana kwamba hana haja sana, huyo Mzee Chura alikuwa mtu au chura kweli? Nimemweleza. Amesikitika kwamba wamemtoa.

Mimi mzima. Baridi ni kali, nguo hazikauki, lakini nimenenepa. Mwambie Mama asugue goti kwa mafuta ya nazi ya moto, asingoje wewe umletee dawa za Kigali.

Kuhusu neno. Kaka, usibandike chochote mlangoni kwa Rashad. Kitabuni iliandikwa sacrifice. Maana yake ni kafara. Nilijua tangu kidato cha kwanza, nilipopewa kamusi. Sikukwambia kwa sababu ulikuwa unajivunia sana Kiingereza chako, na wakati ule ulikuwa umetoka mafundisho ya kipaimara, kila neno refu kwako lilikuwa sakramenti. Na ule ukurasa ambao Fundi Chuma anamwashia dadake, Binti Taa, ile taa, uliokuwa unanisomea hotuba ndefu mpaka nasinzia? Nilipojua kusoma niliutazama. Hauna hata neno moja. Ni mkono na moto tu.

Sikukasirika. Nilicheka peke yangu, kisha nikaamua yako ni nzuri zaidi. Binti Taa wangu mimi aliambiwa ni sakramenti, akaondoka akiwa ameinua shingo. Huyo ndiye nimetembea naye mpaka hapa.

Sasa na mimi nina neno. Nadhiri zangu za kwanza ni tarehe 15 Agosti, Sikukuu ya Kupalizwa Mama Maria. Hapa kwetu kuna desturi. Kabla novisi hajasimama mbele ya Askofu, mtu wa nyumbani kwao humwashia mshumaa na kumpa mkononi. Baba hayupo. Mama unajua alichosema nilipoondoka. Je, utakuja uniwashie?

Naitamani sana filamu hiyo. Nieleze zaidi.

Dadako,
Nyevu

---

Timbwani, Likoni
8 Juni 2025

Dada mpenzi,

Salamu kama mvua ya masika, na mvua yenyewe tunayo, njia ya kwenda feri imekuwa bwawa. Mama mzima. Mafuta ya nazi yamesaidia goti, ingawa anasema ni maombi yake. Sista Philister, shikamoo tena. Mzee Chura alikuwa chura kamili, na kilemba kichwani.

Hilo la kafara nimelipokea. Sijasema nimekubali. Kiingereza ni kikubwa, huenda kuna cha Juba na cha kwenu shuleni.

Umesema nikueleze zaidi. Nimeitazama mara ya pili, na safari hii sikutazama dude. Dude ukishalizoea ni kama mkuu wa kituo cha polisi, kelele nyingi tu. Nilimtazama Binti Taa. Unakumbuka kitabuni, ukurasa ule wa taa, uso wake hauonekani? Mchoraji ameuziba wote kwa wino. Mimi miaka yote nilidhani wino umemwagika. Kumbe hakuuchora makusudi. Basi filamu haina wino, Nyevu. Yule msichana anaigiza kwa uso wake mwenyewe, na kamera ikamsogelea mpaka nikaona vinyweleo vya shavuni.

Anaogopa. Kidevu kinamtikisika. Na wakati huohuo anafurahi, jinsi anavyofurahi mtu aliyeitwa jina lake katika foleni ndefu. Vyote viwili katika uso mmoja! Nimepita nchi tano sijaona kitu kama kile. Nikasahau ni mtu wa kuigiza, analipwa, huenda nje ya kamera anakula chapati. Nikamwamini.

Halafu nikakumbuka siku uliyoondoka wewe. Mimi nilikuwa juu ya lori nafunga turubai. Nikakupungia mkono, nikakupigia kelele usije ukaongezeka minofu huko. Nilikuwa na haraka. Uso wako siku ile sijui ulikuwaje.

Basi. Tuyaache.

Jambo jingine la kukuchekesha. Nilimhadithia Mama wakati wa kula vile Rashad alivyoniaibisha kwa lile neno. Sikujua nacheza na moto. Mama hakucheka. Aliweka tonge chini akasema, "Rashad ndiye msema kweli. Mwanangu wamemfanya kafara. Kama kuku mweusi wa njia panda." Akaondoka na sahani yake.

Kwa hiyo filamu nzuri sana, mapanga mazuri, farasi wazuri, muziki unaingia mpaka mifupani. Kesho nabeba mzigo wa Kampala.

Kakako,
Kitsao

---

Nyumba ya Manovisi
20 Juni 2025

Kaka,

Shikamoo, na pole na safari. Natumaini umerudi salama na lori halikukusumbua. Mimi mzima, nashukuru Mungu.

Umeniandikia kurasa nne. Nimehesabu farasi, mapanga, chapati ya yule msichana. Tarehe 15 Agosti haimo. Sista Philister naye amesoma akasema, "Kaka yako anaendesha lori kubwa, lakini swali dogo limemshinda kulipita."

Nitakujibu wewe, na umsomee Mama ikiwa atakubali. Mimi ni mtoto wa Timbwani, tena Mgiriama, najua kafara ni nini. Kuku wa kafara haulizwi. Anakamatwa miguu, anapelekwa njia panda, nuksi ya mwenye nyumba inamfuata yeye. Kaka, mimi nimeulizwa. Nimeulizwa siku ya kuingia, nimeulizwa tena mwaka jana, na Askofu ataniuliza mbele ya watu wote, na mlango wa kanisa utakuwa wazi nyuma yangu. Nikisema sitaki, nitapewa nauli na chai ya njiani.

Uso wangu siku ile niliyoondoka ulikuwa kama ulivyoueleza. Umemweleza yule msichana nikadhani unanieleza mimi. Nilisoma mara tatu, nikaenda kufua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Njoo, kaka. Hutaki kusema neno, usiseme. Uwe na moto tu.

Dadako,
Nyevu

---

Nyumba ya Manovisi
17 Julai 2025

Kaka Kitsao,

Shikamoo. Hatujambo. Natumaini na huko hamjambo, maana sijasikia.

Juzi nimeota dude limekaa juu ya lori lako, kila mdomo unapiga honi. Nimecheka usingizini mpaka wenzangu wakaamka.

Umebaki mwezi mmoja kasoro. Jana Sista Philister amekuja kukaa nami kwenye benchi la jikoni. Amesema ikiwa hatokei mtu wa kwetu, yeye ataniwashia. Nimemshukuru. Ni mwema, na mkono wake hautetemeki.

Sikuandikii kwa hasira. Fundi Chuma kitabuni alichelewa pia. Ila sijui, kaka, kama ulinisomea alichelewa kwa sababu gani, au uliiruka hiyo.

Msalimie Mama. Mwambie namwombea goti.

Dadako,
Nyevu

---

Timbwani, Likoni
12 Agosti 2025

Nyevu,

Tumsifu Yesu Kristo. Sista Philister, shikamoo, na safari hii nakuomba umpe barua kwanza yeye, kisha uisome wewe.

Ya mwezi wa saba ilifika nikiwa barabarani. Niliporudi nilimsomea Mama. Nilimsomea na ile ya mwezi wa sita. Unanijua, mimi nikisoma huongeza chumvi, na Mama anajua. Safari hii niliweka kidole chini ya kila neno nikasoma lililopo. Nilipofika kwenye kuku haulizwi, akasema, "Rudia." Nikarudia. Jumamosi asubuhi akafunga leso mpya akaniambia, "Nipeleke kwa huyo Rashad. Nikalione hilo dude linalowatia wazimu watoto wangu."

Mama! Ndani ya kibanda cha video! Vijana walipomwona wakazima sigara wote, mmoja akampisha kiti cha mbele, Rashad akampa mto. Dude lilipotoka baharini Mama akapiga ishara ya msalaba, akasema kwa sauti, "Linanuka, hili." Watu walitaka kucheka wakashindwa, maana kweli, ni kama lilinuka.

Likaja lile neno. Rashad alinitazama mimi kwanza. Halafu akamtazama Mama, na yeye si mjinga, Likoni nzima inajua mtoto wa nani yuko usista. Akaweka kipaza sauti mdomoni, akakitoa, akakirudisha. Akasema, "Wewe ndiwe... ah, dereva, sema wewe."

Nyevu, nilikaa kimya. Mimi.

Mama ndiye aliyesema. "Huyu binti wamemlazimisha?"

"La, Mama," Rashad akajibu. "Wamemuuliza. Watamuuliza tena pale mlangoni, angalia."

"Na yule mwenye nyundo ni nani?"

"Kakake."

Ukaja ukurasa wetu. Fundi Chuma akawasha taa. Rashad amezoea kutia maneno hata mahali mbwa anapopita, lakini pale alishusha mkono. Mvua ya filamu tu, na mvua ya kweli juu ya mabati, na uso wa yule msichana umejaa ukuta mzima, chokaa yake imepasuka kidogo karibu na jicho. Nilishaona mara mbili. Nilipaswa kuwa nimezoea. Nilihisi kitu kimenishika nyuma ya shingo, kama pale mtu anapozaliwa chumba cha pili na wewe uko nje unasikiliza.

Nikamwangalia Mama. Alikuwa anauangalia ule uso, kidevu chake kinatikisika kama cha binti. Nacho kidevu ni chako, Nyevu. Sikuwahi kujua umekitoa wapi.

Tulipofika nyumbani akanawa miguu, akaketi, akauliza, "Mshumaa wao ni mrefu kiasi gani?"

Barua hii siipeleki posta. Dancun, yule dereva mwenzangu, anapita huko kesho na mzigo wa simenti, ataiacha getini. Sisi tutakuwa nyuma yake. Usijibu, hutatukuta.

Nilikuwa nimeanza kutunga hotuba. Nimeandika nusu ukurasa, ina Juba ndani, ina Kigali, ina nabii Eliya. Nimeichana. Nitawasha, nitakupa, nitakutazama usoni. Kama nitasema neno hapo, Sista Philister ana ruhusa yangu ya kunipiga kibao mbele ya Askofu.

Kiberiti nimekifunga kwa nailoni kisije kikaloa njiani. Mama amebeba chake. Anasema changu hakiamini.

Kakako,
Kitsao