Kompyuta Yenu Iliyofukizwa Udi

Mwenzangu wa dawati, Maryam,

Barua yako imefika skuli, na imesomwa na watu wengi kabla sijaisoma mimi. Mwalimu Asha huzitoa barua zako katika kompyuta ya ofisini, huzichapa, kisha huzibandika ukutani nyuma ya darasa, nasi tukajazana hapo wakati wa mapumziko na mikate yetu ya kumimina mkononi. "Wapendwa wangu nyote wa Tatu B," ndivyo ulivyoanza. Nililitafuta jina langu. Nililiona karibu na mwisho, baina ya Time na Bimkubwa, tumesalimiwa sote kwa pumzi moja. Jina la Thuraya halikunipa taabu kulitafuta. Thuraya amekupeleka sokoni, Thuraya amekuonyesha njia ya maktaba, Thuraya naye yumo katika klabu ya mdahalo ya huko Maskati mlikohamia na "anazungumza vizuri ajabu".

Mwalimu ametwambia kwamba anayetaka kukujibu aandike, naye ataituma kwa anuani yake ile ile ya barua pepe. Lakini ataisahihisha kwanza, na kabla ya kwenda kwako itabandikwa ukutani kama yako. Basi na isomwe. Nina wivu, Maryam. Watu wa darasa hili wamekuwa wakiniuliza nina nini tangu barua ilipofika, na hilo ndilo jibu.

Wala si wivu wa leo. Unakumbuka siku kompyuta ilipoingia kwenu Kiponda? Baba yako aliileta kutoka Dubai, na kichochoro chenu ni chembamba hata wachukuzi wakalazimika kulisimamisha kasha wima ili lipite. Jina lake la Kizungu hakuna aliyelitamka sawasawa, tukaiita Nyota kwa alama iliyochorwa usoni mwake. Wakati ule Nyota zilikuwa kila mahali, benki, ofisi za ndege, hoteli za Shangani, na mtu aliyekuwa nayo nyumbani alitajwa mpaka Ng'ambo. Kwetu Michenzani hatukuwa na kompyuta. Mjomba wangu Haji ndiye aliyekuwa nayo, katika chumba chake cha kuchapia barua za watu pale Mchangani, moja ya zile wanazoziunganisha mafundi wa Dar es Salaam, isiyo na jina mbele wala nyuma. Nilijivunia kompyuta ile, nikakusimulia mpaka ukaijua kabla ya kuiona. Nyota ilipoingia kwenu nikaacha kuitaja.

Na jinsi ilivyoenziwa! Bibi yako, Bi Zuwena, aliifumia kitambaa cheupe cha nyuzi chenye shada la waridi, kama kile cha televisheni na kile cha redio, na haikuruhusiwa kukaa uchi. Alhamisi jioni, chetezo cha udi kilipopitishwa vyumbani, kilisimama mbele ya Nyota muda mrefu kuliko kilivyosimama mbele ya mtu yeyote. "Macho ya watu hayana dogo," Bibi akisema, akiupepea moshi kwa upande wa kanga yake mpaka uingie kila penye tundu. Mimi nikikaa kwenye ncha ya kiti. Ulikuwa ukinipisha nichape jina langu, na wewe ukingoja bila kunihimiza. Herufi zilitokea nyeusi, nzuri, na kila ilipotokea moja nilijua kwamba baada ya chai nitashuka ngazi zenu nirudi kwetu, nawe utabaki nayo.

Kisha likaja juma la mdahalo. Mwalimu mkuu alitangaza kwamba wanafunzi wa zamani walioko Arabuni wamechanga wainunulie skuli kompyuta, na kwamba angependa kusikia sisi tunasemaje. Hoja iliandikwa ubaoni: kompyuta inayopendwa na wengi ndiyo iliyo bora na yenye huduma bora. Wewe ulipewa kuitetea, mimi kuipinga. Time alituangalia pale dawatini akasema, "Haya, shoga zangu, kukaa pamoja kumekwisha, choreni mstari katikati." Wewe ulicheka, na kweli ukauchora kwa chaki.

Siku mbili kabla ya mdahalo, Nyota ikazimika. Nilikuja kwenu alasiri nikamkuta Bi Zuwena amesimama mlangoni mwa chumba kama palipofiwa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba," akaitika, lakini macho yake hayakutoka kwangu. "Jana ilikuwa nzima. Leo kimya. Kaingia nani humu jana?"

"Kaingia Ruki tu, Bibi," ukasema wewe kutoka ndani.

"Kaitazama?"

"Bibi, ni kompyuta, ataacha kuitazama?"

"Kasema mashaallah?"

"Kasema mpaka nikachoka kumsikia."

Sikusema hata mara moja, Maryam, na wewe ulilijua hilo, kwa sababu ulikuwa ubavuni mwangu. Bibi alinitazama tena, akaniambia niingie, nikala nawe mkate wa ufuta kama kwamba sikutuhumiwa kitu. Lakini usiku ule kitandani nilijiuliza kama kijicho cha mtu kinaweza kweli kupita kwenye kioo.

Kesho yake fundi kutoka Malindi akaifungua. Alipotoa bati la nyuma alirudisha kichwa, kisha akainama tena akavuta pumzi. "Jamani," akasema, "nimefungua mashine nyingi, lakini hii inanukia kuliko bibi harusi." Feni ndogo ya ndani ilikuwa imegandamana kwa masizi ya udi na nyuzi za kile kitambaa, na kipande kikubwa kilichokuwa kikipoozwa nayo kimeungua kwa joto. Bi Zuwena alikaa chini. Hakuna aliyemlaumu. Wewe ulimshika bega ukamwambia, "Umeizidishia mapenzi tu, Bibi."

Kipande kile hakikupatikana Unguja. Baba yako akapiga simu Dubai kwa waliouza, akakupa wewe useme, kwa kuwa Kiingereza chako kilikuwa hakiyumbi. Nilikaa nikisikiliza upande wako, na upande wa pili ulitusimulia wewe baadaye, ukimwigiza yule mtu kwa sauti nzito.

"Nyumba yenu imeungua?"

"Haikuungua, bwana. Imefukizwa."

"Nani aliyeifukiza?"

"Bibi yangu. Alikuwa akiikinga."

"Akiikinga na nini?"

"Na watu kuipenda sana."

Mtu yule alicheka hata mimi nikamsikia kutoka nilipokaa. Akasema uharibifu wa moshi haumo katika dhamana yao, ila atamuuliza mkubwa wake.

Tukaingia ukumbini. Unanikumbuka nilivyosema? Nilijitayarisha kweli. Niliwaambia waamuzi kwamba watu wengi hununua kitu kwa sababu wamekiona kwa jirani. Niliwakumbusha kitambaa cha sare kilichovaliwa katika harusi zote za mwaka ule, kilichochuja rangi kwa kufuliwa mara moja, na bado watu wakaenda Darajani kukigombania, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuonekana hanacho. Nikauliza: ikiharibika hiyo inayopendwa, tutampelekea nani? Aliyeiuza yuko ng'ambo ya bahari. Nikaieleza kompyuta ya mjomba wangu, ambayo haijulikani na mtu, lakini vipande vyake viko hapa hapa mjini na mafundi wake hapo Dar es Salaam tu, na ikisimama asubuhi inafanya kazi jioni. Kompyuta yenu sikuitaja. Nilikuwa nayo mdomoni, na ingenipa alama, lakini ilikuwa siri ya nyumba yenu.

Nilipigiwa makofi ya adabu.

Kisha ukasimama wewe. Ulisema watu wa mji huu si wajinga, na kwamba kitu kibaya kikiuzwa Malindi asubuhi, mpaka adhuhuri Kikwajuni wanacho cha kusema. Kinachodumu kupendwa kina sababu yake. Ukasema pia kwamba kitu kikipendwa na wengi, mafundi wengi hujifunza kukitengeneza, kwa hiyo kupendwa kwenyewe huzaa huduma. Hilo lilinipiga, kwa sababu sikuwa nimelifikiri. Hapo ulikuwa umeshasema ya kutosha, ungeweza kukaa. Lakini ulitabasamu ukasema, "Na wapinzani wangu wana adabu, kwa hiyo nitalisema mwenyewe. Yangu imekufa."

Ukasimulia yote, kitambaa, chetezo, feni, bibi harusi wa fundi, na simu ya Dubai kwa sauti mbili. Walimu walijifuta machozi. Mwalimu mkuu aliweka kalamu chini. Mwisho ukasema, "Sisi ndio tuliomuua mgeni kwa ukarimu. Ubaya wake sijauona."

Waamuzi walitupa ushindi sisi wapinzani, kwa alama chache. Unajua nini kilichofuata, lakini hujui kilivyoonekana kutoka nilipokuwa. Nilisimama na cheti mkononi, na Time akanijia mbio na mikono wazi. Nikafungua yangu. Akasema, "Hongera, Ruki, hebu tupishe tumfikie Maryam." Ukumbi mzima ulikuwa juu yako. Wewe ulishindwa na kompyuta yako imekufa, na mimi, mshindi, nilitamani kuwa wewe. Hata kuharibikiwa kwako kulipendwa.

Kipande kilifika baada ya majuma machache, mikononi mwa abiria aliyetoka Dubai, bila malipo, na kikaratasi cha salamu kwa Bibi. Nyota ikawaka. Tangu hapo nimekuwa nikijadiliana na nafsi yangu, na bado sijapata mwamuzi. Ile ilikuwa huduma ya Nyota, au ilikuwa wewe? Kompyuta ya mjomba ilipozimika mwezi uliopita, tuliwapigia mafundi wa Dar es Salaam wale wale niliowasifu jukwaani, na kila siku wanatwambia kesho. Huenda watu hupendwa kwa sababu ni wema, au huenda wanaopendwa hurahisishiwa wema na kila mtu. Ningeweza kukusema hivyo kwa uchungu, na siku nyingine nimejisemea hivyo, kwamba nyota yako ya kupendwa ndiyo inayokupa kila kitu. Ila kila nikifika hapo namwona Bi Zuwena mlangoni, na wewe unanitetea kwa jambo ambalo halikuwa, bila kuombwa, na hapakuwa na ukumbi wa kukupigia makofi.

Kwa hiyo najua ubora wako, na ndiyo maana wivu wangu haupungui. Ungekuwa wa kupendwa tu, ningekuachia huyo Thuraya bila maneno. Kinachoniuma ni kwamba siku moja naye atatuhumiwa kitu mlangoni mwa mtu, nawe utasema kutoka ndani, "Kaingia Thuraya tu," na utamtetea kama ulivyonitetea mimi. Kisha nitakuwa mmoja wa wale "wapendwa wangu nyote".

Dawatini pako anakaa Bimkubwa sasa. Ni msichana mzuri, hana kosa. Huniazima rula na hunirudishia. Skuli imenunua Nyota, nne, na mimi nimekabidhiwa ufunguo wa chumba chake, nafikiri kwa ajili ya cheti kile. Wasichana wa Kwanza wananiuliza kama ni kweli kulikuwa na mwanafunzi hapa aliyewachekesha wageni wa Dubai kwa simu. Nawaambia ni kweli. Wananiuliza kama nilimjua. Najibu kwamba nilimjua, na hapo huwa natafuta kazi nyingine ya kufanya.

Sasa nisikilize, na wengine mnaosoma ukutani sogeeni kidogo. Jumamosi nilikwenda Shangani kwenye duka la intaneti nikafungua anuani yangu mwenyewe. Kijana wa pale alitaka kunifungulia, nikamwambia aniache, najua kuchapa jina langu. Anuani hiyo sikuiandika hapa, kwa sababu sitaki kuandikiwa na Tatu B nzima. Nimeiandika kwenye kikaratasi, nimekitia katika bahasha, na ami yako Nassor, anayesafiri juma hili kuja huko, ameiweka mfukoni mwa kanzu yake na kuahidi kuitoa mbele yako na si mbele ya mtu mwingine.

Anuani yenyewe nimeshaifungua mara mbili tangu siku ile, kutazama. Imo barua moja, ya kampuni inayotoa anuani hizo, inanikaribisha na kunishukuru kwa kuwachagua, kama inavyowashukuru wote. Nimeiacha hapo hapo juu. Barua ya pili nataka iwe yako, Maryam, na iwe ndefu, na juu yake pawe na jina moja tu.

Nisalimie nyumbani kwenu, na Bibi umbusu mkono.

Ni mimi,
Ruki, mwenzako wa dawati