Shahada ya Malisho Niliyoizuia

Mwalimu Zaina,

Shikamoo. Nimechelewa kukuandikia, na si kwa sababu ya kazi. Ni aibu. Tangu tukuzike kule kwenu Handeni nimepita barabara ile mara nyingi nikiwa ndani ya gari la chuo, na kila nikikaribia njia ya kuingia makaburini nageuza uso upande wa pili, kama mtu anayemkwepa anayemjua.

Ofisi yako wamenipa mimi. Mkuu wa chuo alinikabidhi kamati ya mitaala hata kabla watu hawajaacha kuvaa sura za msiba. Akaniambia, "Elia, wewe ndiye uliyekuwa mkono wake wa kulia." Nikajiona mkubwa. Mimi, mjukuu wa mkata mkonge, uliyenifundisha nikiwa kijana wa cheti hapa Korogwe, ukaniombea kazi, ukanisahihisha Kiswahili kwenye kila ripoti. "Elia, punguza maneno, sema kitu." Sasa nimekaa kwenye kiti chako na hakuna wa kunisahihisha.

Unakumbuka tulipofikia. Chuo chetu kilikuwa hakijawahi kutoa shahada, cheti na stashahada tu. Wengine walitaka shahada yoyote ile ilimradi jina la chuo lipande. Wewe ulitaka moja: mifugo na malisho, ifundishwe kwenye tawi la Handeni. Ng'ombe wa wafugaji walikuwa wamemaliza mahindi ya kaka yako shambani, ndugu zako wakatoka na mapanga, ukasimama katikati. Jumatatu ukaja kazini na sauti imekauka, ukaniambia, "Watoto wao na wa kwetu wakae dawati moja, wasome malisho pamoja. Vinginevyo tutazikana." Sijawahi kusikia mtu akieleza sababu ya mtaala kwa maneno machache namna hiyo.

Tulizunguka sana kwa ajili yake. Kule Vugiri milimani uliteleza tukishuka kutoka kwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, ukakaa kwenye tope na gauni lako la kazini. Badala ya kukupa mkono nikaanza kucheka. Ukasema, "Cheka tu, mtaala wenyewe ndio huu." Siku hizi nikikumbuka tope lile nacheka peke yangu.

Ulipofariki mambo yakaanza kukimbizwa. Mkuu wa chuo alisema vyuo vingine vinatupita, tupeleke maombi ya shahada tatu kwa mpigo: kilimo, biashara ya mazao, na hiyo yako. Mwalimu, ile ya biashara ilikuwa tayari. Yako haikuwa tayari. Maabara ya Handeni ilikuwa chumba chenye makabati matupu. Josho la kuogeshea ng'ombe halijajengwa. Daktari wa mifugo wa kufundisha hatukuwa naye hata mmoja. Nilijua yote hayo, nikaandika kwenye maombi kwamba maandalizi yanaendelea vizuri.

Kisha tukaitisha mkutano wa wadau Handeni. Ukumbi ulijaa. Wakulima walikaa kulia, wafugaji kushoto, kama ulivyotabiri. Nikawasha projekta, nikawaonyesha picha za maabara nzuri, wanafunzi wamevaa makoti meupe. Zilikuwa picha za vyuo vingine. Sikusema ni zetu. Sikusema si zetu pia.

Nilipomaliza akasimama mama mmoja wa Kimaasai, Mama Naserian. Alizungumza taratibu, Kiswahili chake kimenyooka. "Mwalimu, umesema vizuri. Mimi nina binti, amemaliza fomu siksi, anapenda ng'ombe kuliko kaka zake. Amepata nafasi ya stashahada Arusha. Wewe unasema asubiri shahada hapa. Nakuuliza: una mtoto aliyemaliza kama wangu?"

Nikasema ninaye.

"Atasoma hapa?"

Mwalimu, unamjua Upendo wangu. Wewe ndiye uliyempeleka kuona ng'ombe akizaa, akarudi nyumbani anasema atakuwa daktari wa mifugo. Upendo alikuwa ameshaomba chuo Morogoro. Nilimsaidia kuomba mimi mwenyewe. Shahada ya mifugo, jambo lilelile nililokuwa nawauzia watu wa Handeni, wangu nilikuwa nampeleka kwingine kwa sababu nilijua makabati yetu yana nini ndani.

Nikaivuta maiki karibu. Mkuu wa chuo, aliyekaa kando yangu, akaichukua mkononi mwangu akacheka. "Mtoto wa Mwalimu Elia ndiye atakayekuwa wa kwanza kuingia darasani!" Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Na mimi nikatabasamu. Hicho ndicho ninachokiona nikifumba macho, Mwalimu, tabasamu lile. Mama Naserian akaja mbele, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Basi Arusha tunaiacha. Wangu atakaa na wako."

Aliponiachia, nikaanza kukunja waya za projekta.

Habari zikafika Korogwe kabla yangu. Upendo alikuwa ameenda sokoni, mama muuza nyanya akampongeza kwa kuchagua kusoma nyumbani. Nilimkuta barazani, hakunipokea mkoba.

"Baba, kumbe nasoma Handeni?"

Nikamweleza kwamba ni mkuu wa chuo aliyesema, ni maneno ya mkutanoni tu.

"Na wewe ulisema nini?"

Nikaweka mkoba chini. Akaniuliza kama shahada yenyewe ni mbaya. Nikasema si mbaya, bado haijakaa sawa, maabara haina kitu, walimu hatuna. Akasema, "Kwangu haijakaa sawa, ila kwa huyo binti wa Kimaasai imekaa sawa?" Hakupaza sauti. Angepaza ingekuwa nafuu. Mama yake alisikia kila kitu jikoni, akatuletea chakula, akaondoka.

Jumamosi nilikwenda Handeni. Nilishuka basi, nikapanda bodaboda hadi kwenye boma lao, vumbi limenijaa hadi kwenye kope. Mama Naserian alikuwa anakamua. Aliniacha nisimame mpaka amalize. Naserian mwenyewe akaniamkia, "Shikamoo Mwalimu," akaniletea kigoda na chai ya maziwa. Laiti wasingenipa chai ile. Nikawaeleza yote: picha, makabati, josho, Upendo na Morogoro. Nikamwambia binti aende Arusha, nafasi yake isipotee.

Nilidhani mama atanifukuza. Alifunika kibuyu chake, akasema, "Kudanganya ulikuja na gari la chuo. Kusema kweli umekuja na bodaboda, peke yako, huku porini ambako hakuna anayesikia." Nikainamisha kichwa. "Walionisikia nikikubali ni ukumbi mzima. Kuna watoto wengine wanasubiri kwa sababu ya mtoto wako. Nenda ukawaambie na wao."

Mwalimu, niliogopa. Nina mke, nina kazi moja. Lakini baraza la chuo lilipokaa kupitisha maombi, nilisimama, nikasema shahada ya mifugo na malisho isipelekwe mpaka maabara ijae, josho lijengwe na daktari apatikane. Nikasema nilichoandika mimi mwenyewe si kweli. Mkuu wa chuo aliniangalia kama nimemtemea mate. Mzee mmoja wa baraza akaniuliza, "Sasa wewe unataka kuua shahada ya marehemu?" Hapo machozi yalinitoka mbele ya watu. Mpaka leo naamka na swali lile.

Wakaiondoa. Mbili zimepelekwa, yako imewekwa kando. Redio ya hapa ilinipa nafasi ya tangazo, nikasema kwa jina langu kwamba Handeni bado, wenye nafasi kwingine waende, na kwamba binti yangu hakuwahi kuomba kusoma pale. Kamati wamempa mtu mwingine. Ofisi nimeachiwa mpaka mwisho wa muhula, nafundisha cheti kama zamani. Baadhi ya wenzetu hawanisalimii. Kaka yako nilikutana naye stendi Korogwe, akasema, "Dada alikuamini." Basi. Akapanda gari lake.

Naserian aliwahi Arusha. Najua kwa sababu Upendo alitafuta namba yake na sasa wanaandikiana, wananisema nadhani. Mama yake sijamsikia tena, na sitegemei. Vijana wawili wa upande wa wakulima waliacha nafasi zao za vyuo vingine kabla ya tangazo langu, zikajazwa. Wapo nyumbani mwaka huu. Nilikwenda kwa wazazi wao pia. Mmoja hakutoka nje.

Sijui ungeniambia nini. Labda ungesema nilipaswa kupigania maabara tangu siku ya kwanza badala ya kupigia picha za watu debe. Ungekuwa sahihi. Kitu kinachoniuma ni kwamba ndoto yako ingeweza kusimama wima kama ningefungua mdomo mapema, na sasa imelala kwa sababu niliufungua kwa kuchelewa.

Ila sijaiacha. Nimeanza kuandika upya maombi ya vifaa, kabati kwa kabati, ingawa sina cheo cha kuyasukuma. Nimempata daktari kijana wa wilaya ambaye yuko radhi kufundisha. Wafugaji wa kijiji cha Mpale wamenikaribisha nikaone malisho yao. Ninakwenda wiki ijayo, kwa miguu yangu.

Pumzika, Mwalimu wangu. Mungu akurehemu na ailaze roho yako mahali pema. Ahadi yangu ni hii: siku maabara ile itakapofunguliwa, iwe mimi nina kazi au sina, nitamfuata Mama Naserian kwake nimwombe atangulie kuingia. Afungue makabati kwa mkono wake, moja baada ya jingine, nami nisimame pale ananiona.

Mwanafunzi wako,
Elia