Pipa Uliloliacha Bila Neno

Mwaka umetimia, Dugald, tangu ututoke asubuhi ile ya upepo, na sisi watu wako bado hatujielewi. Kuna siku tunakutengea chai. Kuna siku mkeo Effie anaita jina lako uani, kisha anasimama palepale, hakumbuki alikuwa anataka nini.

Ulikuwa mtu wa ghala. Kazi yako ilikuwa kuonja wiski ya kiwanda chetu hapa kisiwani na kusema kama imeiva. Ulichota kwa mrija wa shaba, ukafunika glasi kwa kiganja, ukanusa umefumba macho, ukatia tone la maji, ukanusa tena. Kuonja kwenyewe kulikuwa kuulowesha ulimi tu. Kisha neno moja: "Bado," au "Tayari." Vijana walikutania, "Mzee, tupe basi japo sentensi moja!" Nawe ukawajibu, "Bado."

Nyumbani ulikuwa hivyohivyo. Lakini jirani akiugua hakukosa mboji, ule udongo wa kinamasi tunaoukausha na kuuchoma kama kuni. Ulimshushia mzigo mlangoni ukaondoka kabla hajafungua, usije ukashukuriwa.

Ukatuachia mtihani. Pipa lile la mwisho, lililolala upande wa ghala unaopigwa na bahari, hukulitolea neno. Desturi ya hapa unaijua: mwonjaji akifa, pipa lake la mwisho husemewa na nyumba yake. Meneja alikuja, kofia mkononi. "Mama Effie, mkisema ni zuri tutalijaza kwenye chupa peke yake, na jina la mzee juu. Mkisema halina kitu, tutalichanganya na mengine." Kulichanganya ndiyo basi tena. Hakuna atakayejua kwamba lilikuwapo.

Aliacha kichupa cha kuonja. Effie akaketi jikoni kando ya moto, akafanya kama ulivyokuwa ukifanya. Akapata asali, akapata mwani na chumvi ya mawe ya pwani. Moshi, hakuna. Akarudia kesho yake. Hakuna. Wiski ya kisiwa hiki, ambayo shayiri yake hukaushwa kwa moshi wa mboji, moshi wake umekwenda wapi? Akaingiwa na hofu. Huenda uzee ulikuwa umeiharibu pua yako, ukaliacha pipa likaharibika, na hakuna aliyethubutu kukwambia.

Mwanao Archie alionja akakohoa. "Mama, mbona huu ni moshi mtupu!"

"Unamtetea baba yako."

"Simtetei. Pua yako ndiyo imelala."

"Ushike adabu yako, Archie."

"Nimeshika. Lakini moshi upo."

Basi hata usingizi ukawa shida kwa mkeo. Amwamini nani, mwanawe au pua yake?

Juzi Seonaid, binti yako, alishuka kwenye feri kutoka Glasgow. Akamkumbatia mama yake, akaangua kicheko. "Mama, nywele zako mboji tupu! Sweta, mapazia, hadi mkate! Utausikiaje moshi wa kwenye glasi nawe umeukalia siku nzima?" Akamwosha nywele, akamvika koti lake mwenyewe, wakatoka na Archie na kile kichupa hadi ukuta wa gati, upepo ukitoka baharini. Kumbe ndiyo maana hukukubali kuonja nyumbani hata siku ya Mwaka Mpya. Sisi tulidhani unaringa.

Pale gatini Effie akanusa, na moshi ukaja.

"Ndivyo baba yenu alivyokuwa akinukia?" akauliza.

"Ndivyo, mama," akasema Seonaid. "Kwani hukujua?"

Hakujua, Dugald. Miaka yote ya kulala kando yako hakuwahi kuisikia harufu yako, kwa kuwa ilikuwa yake pia. Sasa anaisikia na wewe hupo, na hapo ndipo alipochanganyikiwa kabisa. "Nitasemaje haki?" alimuuliza Archie. "Labda ni wiski mbaya, nami naiona tamu kwa sababu ni yeye." Archie akatazama bahari. Wa kumuuliza ni wewe.

Jana meneja alirudi. "Mama, ni zuri?"

"Sijui, mwanangu," akasema Effie. "Lakini msilichanganye."

Meneja akavaa kofia yake, akasema haya, halitachanganywa. Kama tumekosea, utuwie radhi.

Unakumbukwa na mkeo Effie, mwanao Archie na mkewe Kirsty, binti yako Seonaid, wajukuu wako Iona na Fergus, na wenzako wote wa ghalani. Hutatutoka moyoni, Dugald MacAffer, siku zote tutakazojaliwa.