Mihuri Niliyoifuta

Butte, Montana
3 Mei 1983

Mpendwa Babu,

Leo nimeapa kukueleza yote, hata lile ambalo Mama anasema lingoje upone. Kwanza, shikamoo. Nyonga inaendeleaje? Wauguzi wa huko Helena wamekuruhusu kusimama? Sisi ni wazima.

Babu, ile bunduki yako ya Springfield ya 1918, uliyosema itakuwa yangu siku nitakapolenga nayo shabaha kwenye shindano la bunduki za zamani, niliiona imechakaa. Mbao zilikuwa nyeusi kwa mafuta na jasho la wanajeshi. Nilitaka uikute inang'aa. Jumamosi nzima niliipiga msasa, kisha nikaipaka vanishi. Kesho yake nikaipeleka kwenye klabu ya shabaha kwa furaha. Rafiki yako Mzee Halvorson akaigeuza, akaigeuza tena, akavua kofia.

"Binti, herufi za mkaguzi ziko wapi?"

"Herufi gani?"

"Zile za muhuri wenye umbo la kisanduku, hapa kwenye mbao! Jeshi lilizigonga kabla babu yako hajaanza shule. Umeinyoa bunduki ya watu kama kondoo!"

Wote walicheka. Mimi sikucheka. Nisamehe, Babu. Bado nataka kushindana tarehe 18 Juni.

Mjukuu wako,
Marlys

Helena
9 Mei 1983

Marlys,

Marahaba. Nyonga inauma, na barua yako imeuma zaidi. Miaka thelathini nimezifuta mbao zile kwa kitambaa na mafuta ya kitani tu, na kila mara kidole changu kilipita juu ya herufi hizo. Mbao ikishaliwa na msasa hairudi. Mpelekee Halvorson bunduki aitunze. Habari za shindano tuziache kwanza.

Wasalimie nyumbani.

Babu yako

Butte
6 Juni 1983

Mpendwa Babu,

Shikamoo tena. Mama anasema sasa unatembea na mkongojo hadi dirishani, na kwamba umeanza kugombana na mpishi. Nimefurahi mno.

Sikunyamaza wiki nne kwa kununa. Nilikuwa na kazi. Bunduki niliipeleka siku ileile barua yako ilipofika. Mzee Halvorson ameifungia kabatini kwake, ila kila Jumamosi huitoa nifanye kazi mbele ya macho yake. Nimeondoa vanishi yote. Mafuta ya kitani nimeyasugua kwa kiganja, tone kwa tone. Shabaha najifunzia kwa bunduki yake mwenyewe, na kwa kuwa risasi zake za zamani zinaacha chumvi, nikimaliza tu namimina maji ya moto mtutuni. "Ukichelewa wewe, kutu haichelewi," ananiambia kila mara, hata nikiwa nimeshashika birika. Juzi, yadi mia mbili, risasi tisa kati ya kumi ziliingia kwenye duara jeusi.

Jana alinichukua, pamoja na bunduki yako, kwenye maonyesho ya bunduki. Muuzaji mmoja, Dwight, aliitazama, akatoa mihuri ya chuma mfukoni.

"Nipe dakika tano, dada. Nagonga herufi zilezile, napaka masizi kidogo. Hata babu yako hatajua."

"Mimi nitajua."

"Basi we mjinga kweli."

"Ujinga wangu niliumaliza kwa msasa."

Mzee Halvorson alicheka mpaka akakohoa. Lakini nikwambie kweli, Babu: kabla sijajibu, mkono wangu ulikuwa tayari kuiweka mezani.

Tuliporudi nilifungua bamba la chuma la kitakoni mwa bunduki, nikaweka ndani kikaratasi: "Mihuri ya mbao hizi ilifutwa na Marlys, Aprili 1983, kwa kutojua." Atakayeishika baada yetu asidanganyike.

Fomu za shindano zinafungwa Ijumaa hii. Kuna nafasi mbili: jina la mpigaji na jina la mwenye bunduki. Ya kwanza nimeijaza kwa wino. Nijibu kwa posta ya kwanza, Babu, hata kwa neno moja: ya pili niandike nani, wewe, mimi au Mzee Halvorson?

Mjukuu wako,
Marlys